Tonge la Mkono wa Mtu Mwingine

Chuoni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kujilisha. Anakaa mkabala na mwenzake, mwenzake anakata tonge, analichovya kwenye mchuzi, anamtia mdomoni. Kisha yeye naye anamlisha mwenzake, na hivyo hivyo mpaka sinia liishe. Lengo ni kujenga umoja wa taifa. Anayekataa kufungua mdomo anarudishwa kwao siku hiyo hiyo, begi lake likiwa bado halijafunguliwa.

Haya niliyaamini kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili. Niliambiwa na fundi baiskeli, jirani yetu hapa Ifakara, mzee wa Kingoni ambaye hajawahi kunidanganya kuhusu baiskeli hata siku moja. Akisema mnyororo umekwisha, umekwisha. Akisema tairi litafika Mchombe, linafika Mchombe na kurudi. Sasa mtu wa namna hiyo akikueleza habari za chuo, na yeye mwenyewe aliwahi kusoma kozi ya ufundi enzi ambazo, kwa maelezo yake, vyuo vilikuwa vyuo, utamkatalia kwa ushahidi gani?

Nilikuwa nimepita kwenye kijiwe chake kujaza upepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mpogoro. Nasikia umepata chuo."

"Nimepata. Chuo cha kilimo, huko mbele ya Mikumi."

"Hongera sana. Na kulishwa, umeshaanza kujifunza?"

"Kulishwa nini?"

Akaiweka pampu chini. Akanitazama kama daktari anayetafuta maneno ya upole. Akanieleza yote, kuhusu kukaa mkabala, tonge na umoja wa taifa, na mwisho akashusha sauti.

"Ila usimwambie mtu. Hata mama yako. Wakigundua ulijua kabla, wanakufutia nafasi."

Nilirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli. Nilikuwa nimesahau kwamba inapandwa.

Ili unielewe, lazima ujue ninavyokula. Nyumbani nina sahani yangu ya kijani. Wali unakaa upande wake, mboga upande wake, na kati yao kuna mpaka ambao haujawahi kuvukwa na mchuzi tangu uhuru. Sinia la pamoja, lile ambalo watu wengine huzungushia mikono yao kwa furaha, mimi nalitazama kwa mbali kama watu wa bondeni wanavyomtazama kiboko. Tonge la mkono wa mtu mwingine lina joto la mtu huyo. Lina umbo la vidole vyake. Na ukubwa wake umeamuliwa na mtu ambaye hana koo langu. Koo langu likiliona linafunga mlango, linazima taa, linajifanya halipo nyumbani.

Kwa miaka mingi watu walisema nimedekezwa, au nina majivuno ya kizungu. Baadaye kabisa, nikiwa mtu mzima, daktari mmoja aliyekuwa amekuja hospitalini mjini akanihoji kutwa nzima na kusema nina usonji. Alieleza kwamba ubongo wangu si mgonjwa, umepangwa tu kwa namna yake: unasikia sauti kwa ukali zaidi, unashika taratibu, na unayachukua maneno ya watu kama yalivyo. Hilo la mwisho lilinishangaza. Nilimuuliza, kwani wenzangu wanayachukuaje? Akaliandika swali langu kwenye karatasi zake.

Lakini alikuwa sahihi. Mtu akiniuliza habari za nyumbani, mimi nampa habari za nyumbani, pamoja na za mbuzi. Kuna watu walikuwa wakiniona natokea kona ya mashine ya kukoboa mpunga, wanabadili njia.

Shule ya mchana ilinishinda kwa kelele. Nilisoma masomo ya jioni, kwenye darasa la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Tulisoma sisi na mbu. Mbu wa Kilombero hawakukosa kipindi hata kimoja, na nina hakika baadhi yao walifaulu kuliko mimi. Nilirudia mitihani mpaka msimamizi akawa ananisalimia kwa jina la ukoo. Hatimaye nikafaulu, na nafasi ya chuo ikaja. Mama alipozipata habari aliiacha sufuria ya maharage ikaungua, naye katika maisha yake hajawahi kuunguza kitu. Hivyo nafasi ile haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya mama, ya dada yangu, na ya yale maharage.

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa amenipa ushauri mmoja, na ni ushauri mzuri, usiulaumu ushauri. Alisema: "Lolote unalolihofia kule, lizoee huku kwanza, kidogo kidogo, ukiwa na watu wako." Ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Nilihofia mabasi, basi nikawa napanda basi mpaka Kidatu na kurudi, bila shughuli yoyote Kidatu, mpaka kondakta akaanza kunishuku. Nilihofia kelele za bwenini, nikawa nakwenda kukaa karibu na mashine ya kukoboa, pamba masikioni, na kila siku napunguza pamba. Nilihofia kulala kwenye chandarua kisicho changu, nikabadilishana na dada. Yote yalikuwa yanakwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kujiona mheshimiwa.

Kisha likaja hili la kulishwa.

Siku za mwanzo nilijilisha kwa mkono wa kushoto huku nimefumba macho, nikijiambia ni mkono wa mgeni. Haikusaidia. Nilikuwa namfahamu mgeni yule. Ndipo nikamwendea dada yangu mkubwa, ambaye hukaanga vitumbua mbele ya nyumba na hana subira na mtu yeyote isipokuwa mteja.

"Dada, nilishe."

"Unaumwa mkono?"

"Siumwi. Nilishe tu, kwa tonge. Kila siku."

Akageuza kitumbua, akanitazama, akageuza kingine. "Wewe ambaye nikigusa kijiko chako unakiosha?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

Dada yangu ni mtu wa vitendo. Mchana ule alisonga ugali, akakata tonge la ukubwa wa ngumi ya mpiga kinanda wa kanisa, akalisukuma mdomoni mwangu kama anaziba pancha. Koo likafunga mlango. Nililibeba tonge lile shavuni, nikakaa nalo, nikatembea nalo, nikaingia nalo uani na kutoka nalo.

"Meza," akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Limekataa, au umekataa wewe?"

Sikuweza kujibu, kwa sababu zinazoeleweka.

Tulirudia kesho yake na kesho kutwa. Wakati mwingine lilikwama, wakati mwingine lilirudi kwa kasi ya kutisha. Kwa bahati mbaya tulikuwa tunafanyia mazoezi hapo hapo kwenye jiko la vitumbua, ambapo mtaa mzima hupita. Na mtu wa Ifakara akiona kijana mzima amekaa kwenye kigoda, amefumba macho, analishwa tonge na dada yake, hapati ila maana moja. Ameshaona jambo hilo ukumbini, kwenye meza yenye maua, watu wakipiga vigelegele. Nilikuwa nafanya mazoezi ya keki. Nilikuwa naoa.

Sikujua. Niliona tu watu wananipongeza, nikadhani ni kwa ajili ya chuo, nikawashukuru na kuwaambia ndiyo, nina hofu kidogo lakini nitazoea. Jirani mmoja aliniambia kwamba hata yeye alizoea, baada ya mtoto wa pili. Nilishangaa nchi hii ina watu wangapi waliopita chuoni wakiwa na watoto. Kufikia Jumapili, habari zilikuwa zimevuka daraja la Kilombero na kufika Malinyi. Shangazi yangu wa huko akatuma salamu kwamba analeta kambale wa kukaushwa, na kambale wakafika kweli, ndoo tele, na harufu yao ilifika siku moja kabla yao.

Mama aliponiita uani, alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai na ameshika fimbo ya kufukuzia kuku. Aliniuliza polepole.

"Baba, huyo binti ni wa wapi?"

"Binti gani?"

"Huyo mtakayelishana naye."

Nilijua siri imevuja. Sikujua kama mwenzangu wa kulishana atakuwa binti. Mzee hakusema.

"Kumbe ni binti?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Sijui ni nani, mama. Nitamjua nikifika."

Mama akaishika fimbo kwa mikono yote miwili. Katika ukoo wetu, tangu tuliposhuka kutoka Mahenge, hakuna aliyewahi kumwoa mtu asiyemjua. "Wazazi wake wanajua?" akauliza.

"Nadhani chuo kinawaandikia."

"Chuo?"

"Mama, siwezi kusema."

Mimi nikisema siwezi kusema, nina maana kwamba siwezi kusema. Mama alichukua maana nyingine kabisa, na siku zile alikuwa akienda kanisani hata siku zisizo na misa.

Wiki ile mambo yaliniharibikia. Dada alipunguza tonge, koo likakataa. Akaongeza mchuzi, koo likakataa kwa sauti. Siku moja akasema amechoka, ana wateja, na kama huyo mwanamke ananitaka atanichukua na kinywa changu kilivyo. Nikaingia ndani, nikalitoa begi langu chini ya kitanda, nikarudisha nguo kabatini moja moja. Nilimfuata mama kwenye turubai la mpunga.

"Mama, siendi chuo."

Kuku waliingia kwenye mpunga, wakala mbele ya mama kama wamealikwa, naye hakuinua fimbo. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa fundi baiskeli. Nilitaka kuwafukuza mimi, lakini niliona kama si wakati wake.

Hatimaye akasema: "Ulianza kuukataa mkono wangu kabla hujatembea. Nilikutafutia sahani yako, nikasema, huyu atakula anavyotaka, mradi ale. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Leo unalishwa na dada yako barabarani, watu wote wanaona, halafu chuo huendi. Sasa nauliza."

"Nikiweza kulishwa, nakwenda," nikamwambia. "Nisipoweza, siendi. Zaidi ya hapo sijaruhusiwa."

Watu wengine hapo wangeuliza nani hajaruhusu. Mama amekaa na mimi miaka yote, anajua mlango gani unafunguka na upi haufunguki. Akainuka, akanawa mikono, akaja na sahani ya kijani, wali upande wake, kambale wa shangazi upande wake. Akakaa kwenye mkeka mbele yangu.

"Tonge la ukubwa gani?"

Katika mazoezi yote yale hakuna aliyeuliza hilo, na hata mimi sikujua kwamba linaulizwa.

"Kama karanga," nikasema.

"La moto au lipoe?"

"Lipoe."

"Wali peke yake?"

"Peke yake."

Akafinyanga tonge dogo, likakaa kwenye ncha za vidole vyake, akangoja lipoe. Hakulisogeza. Alisema, "Likiwa tayari, njoo wewe." Kuku wakaendelea na karamu yao. Nikainama mbele mimi mwenyewe, nikalichukua kwa midomo kutoka kwenye mkono wake, na koo likafungua mlango kidogo, likachungulia, likapokea.

Nilikaa nikisubiri dunia iishe. Haikuisha. Mama alikuwa anatazama pembeni, kwenye ukuta, na akajifuta uso kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na wali.

"Lingine?" akauliza.

Siku zilizofuata tulifika mbali. Tulifika kwenye tonge la ukubwa wa tunda la kunazi, kisha wali na kambale pamoja, jambo ambalo lingekuwa uhaini wiki moja kabla. Siwezi kusema nililipenda. Kila tonge lilikuwa kama kuvuka mto. Lakini nilikuwa navuka, na nguo zikarudi begini.

Siku ya kuniaga, wali wa Mchombe ulipikwa, ule ambao harufu yake inaweza kumwamsha marehemu. Na hapa lazima nimrudie fundi baiskeli, kwa sababu alikuja. Yeye na watu wetu wana historia. Babu yangu alipofariki, mzee huyu alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka Wapogoro wampe soda ya baridi, maana babu zao walimchosha babu yake vitani kwa kukimbilia milimani. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilikuwa mdogo, nikakimbia kumtafutia sanda ya pili. Mama akanishika mkono: "Mwache, huyo ni mtani." Tangu siku ile nilielewa kwamba mtani ni mtu mwenye kazi yake msibani, kama mpiga kengele alivyo na yake kanisani. Msiba ukiisha, kazi imekwisha, anarudi kuwa fundi baiskeli.

Basi alifika wakati mama ananilisha, mbele ya wageni wote, mimi nimeinama, mdomo wazi. Akasimama pale pale mlangoni. Akanitazama mimi, akamtazama mama, akamtazama dada aliyekuwa anasubiri zamu yake na tonge mkononi. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyeona baiskeli inajitengeneza yenyewe. Halafu akashikilia ukuta, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti.

"Wapogoro," akasema alipoweza kusema. "Familia nzima. Mmenishinda leo. Nakubali, nimeshindwa."

"Umeshindwa nini, mtani?" mama akauliza. "Karibu ule."

"Natoa faini." Akapekua mfuko wa koti lake la kazi, akatoa kijiko, kile anachotumia kutolea tairi, mpini umepinda kidogo. Akanikabidhi kwa mikono miwili, mbele ya watu, kama ananitawaza. "Nenda nacho chuoni. Kitakusaidia."

Nilikipokea, lakini kilinisumbua njia nzima. Basi lilipita Kidatu, kondakta akanisalimia na kuniuliza kama leo pia nashuka, na mimi nilikuwa bado nakigeuza kijiko mfukoni. Kama watu wanalishana kwa tonge, kijiko cha nini? Niliamua kwamba ni kwa ajili ya mwenzangu, endapo naye ana koo gumu. Niliona mzee amefikiria mbali sana.

Bwalo la chuo lilikuwa kubwa na lina kelele, lakini si kelele za kuishinda mashine ya kukoboa. Nilipewa sahani yangu: ugali, maharage, kabichi. Nikaiweka katikati ya meza. Mkabala nami akaja kijana mrefu, Msukuma kwa lafudhi, akanisalimia na kuketi. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba si binti. Nikamkumbuka mama, nikafumba macho, nikainama mbele na kufungua mdomo.

Nikasubiri. Nilisubiri vizuri, kama nilivyofundishwa.

"Kaka," nikasikia. "Jino linauma?"

"Hapana. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Unilishe. Ukinilisha, na mimi nakulisha. Ila naomba liwe dogo, na lipoe kwanza."

Nikafumbua macho. Kila mtu alikuwa ameinamia sahani yake, mkono wake ukielekea mdomoni mwake mwenyewe, ila sasa mikono yote ilikuwa imesimama hewani. Yule kijana alikuwa amelishika tonge lake na amesahau la kulifanyia. Hakucheka, na hilo ndilo lililonishtua zaidi. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi.

"Nani kakwambia tunalishana?"

Niliona hakuna siri tena. "Fundi baiskeli wa kwetu. Mzee mmoja Mngoni."

"Na wewe ni kabila gani?"

"Mpogoro."

Akaliweka tonge chini, akanawa vidole kwenye bakuli la maji polepole, kisha akaisukuma sahani yangu kutoka katikati ya meza mpaka ikafika mbele yangu, bila kukigusa chakula.

"Basi huyo ni mtani wako."

"Hakukuwa na msiba," nikamwambia.

"Utani hausubiri msiba, kaka. Alikuwa anakutania tu. Hapa kila mtu anakula sahani yake, kwa mkono wake."